Magunia Yamejaa, Watoto Wamedumaa

Msafiri wa basi la Mbeya akishapita vitunguu vya Ruaha Mbuyuni na kuumaliza mlima wa Kitonga, hana haja ya kuambiwa kwamba yuko Iringa. Pale Ilula matenga ya nyanya yamepangwa hadi ukingoni mwa lami, na wachuuzi wanayakimbilia madirisha kabla basi halijasimama sawasawa. Mbele yake kuna mahindi na viazi, kuna chai ya Mufindi, na ukivuka kwenda Njombe kuna parachichi zinazosafirishwa hadi Ulaya. Nyanda za Juu Kusini zimeitwa ghala la taifa kwa miaka mingi, na jina hilo wakulima wake wamelipata kwa jasho.

Sasa tazama takwimu. Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa mwaka 2022 ulipima urefu wa watoto wenye umri chini ya miaka mitano nchi nzima. Wastani wa udumavu Tanzania ulikuwa asilimia 30. Mkoa ulioshika nafasi ya kwanza ni Iringa, asilimia 57. Njombe na Rukwa zilifuata, takriban nusu ya watoto wa kila mkoa wakiwa wamedumaa. Mikoa inayolisha wengine ndiyo inayoongoza kwa watoto ambao miili yao haikulishwa vya kutosha.

Habari hiyo ilitangazwa redioni, ikajadiliwa kwenye semina kadhaa, kisha watu wakarudi kwenye mambo yao. Ingekuwa kipindupindu kimemkamata zaidi ya mtoto mmoja kati ya wawili katika mkoa mzima, nchi isingelala.

Tatizo ni kwamba udumavu hauna sura ya njaa ile inayooneshwa kwenye televisheni. Mtoto aliyedumaa anacheza, anacheka, anatumwa dukani na kurudi na chenji. Ni mfupi tu kuliko umri wake, na majirani watasema amefuata ukoo wa mama. Kilichokosekana kinajulikana baadaye, darasani na kazini, kwa sababu mwili na ubongo hujengwa zaidi katika siku 1,000 za kwanza, tangu mimba inapotungwa hadi mtoto anapotimiza miaka miwili. Pengo la kipindi hicho ni gumu mno kuzibwa baadaye.

Iringa si kioja cha peke yake. Dunia nzima iko hivyohivyo, kwa ukubwa tu inatofautiana. Ripoti ya mashirika ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa Julai 2025 ilikadiria kuwa watu milioni 673 waliishi na njaa mwaka 2024, na milioni 307 kati yao wako Afrika, yaani mtu mmoja katika kila watano wa bara hili. Kwa jumla watu bilioni 2.6 hawakumudu gharama ya mlo kamili, hata wale ambao tumbo lilijaa. Na huku nyuma mashamba ya dunia yanatoa nafaka tani bilioni 2.8 hivi kwa mwaka. Ukizigawa kwa binadamu wote bilioni nane, kila mmoja anapata karibu kilo moja kwa siku, kabla hujahesabu muhogo, ndizi, viazi, samaki wala maziwa. Zaidi ya theluthi ya nafaka hizo huliwa na mifugo, na nyingine hugeuzwa mafuta ya magari.

Mchumi wa Kihindi Amartya Sen aliliona jambo hili mapema. Alikuwa mtoto wa miaka tisa Bengal ilipokumbwa na njaa ya mwaka 1943 iliyoua watu wanaokadiriwa kuwa kati ya milioni mbili na tatu. Alipokuja kuichunguza akiwa msomi, katika kitabu chake cha mwaka 1981, aligundua kuwa mchele haukuwa umepungua kwa kiasi cha kueleza vifo vile. Bei ilipanda kwa sababu ya vita, na vibarua wa mashambani, wavuvi na mafundi wadogo hawakuwa na uwezo wa kuufikia. Walikufa wakati mchele upo sokoni. Sen alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1998, lakini hadi leo mtu akitaja njaa, jibu la kwanza la viongozi wengi ni trekta na mbolea.

Trekta na mbolea vinahitajika, hakuna anayebisha. Lakini njaa kubwa ya leo inakaa katikati, kati ya gunia na kinywa cha mtoto. Na katika njia hiyo ya katikati, mtu wa kawaida ana sehemu kubwa mkononi mwake kuliko anavyoambiwa na wataalamu, na kuliko anavyopenda kukiri mwenyewe.

Kuna ushauri mmoja wa kuweka kando kwanza. Wazazi wa Ulaya na Marekani kwa miaka mingi wamewaambia watoto wao wamalize sahani kwa sababu watoto wa Afrika wanalala njaa. Kiazi kilichomalizwa London hakijawahi kushibisha mtu kwenye kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Kenya. Ni kweli chakula kinatupwa kwa fedheha: mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 kwenye majumba, migahawa na maduka, na majumba peke yake yalichangia asilimia 60. Tena isidhaniwe ni dhambi ya matajiri tu. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilikuta kwamba nchi za kipato cha juu na zile za kipato cha kati zinapishana kwa wastani wa kilo saba tu kwa mtu kwa mwaka. Kupunguza kutupa ni jambo jema, linaokoa fedha ya familia na linapunguza taka. Ila asitokee mtu akadhani amelisha jirani kwa sababu amefuta sahani yake.

Mahali pa kuanzia ni ghalani. Mwishoni mwa miaka ya 1970 aliingia mkoani Tabora mdudu asiyejulikana, asili yake Mexico na Amerika ya Kati. Wakulima wakamkuta kwenye mahindi yaliyohifadhiwa na magunzi yake, na baada ya miezi michache ghala zima limebaki unga. Wataalamu walimwita kwa jina lake la Kilatini. Wananchi wakamwita dumuzi, na wengine wakamwita Scania, kama lile lori. Kampeni ya kumkabili iliwataka watu waache desturi ya kutunza mahindi na magunzi yake, wapukuchue mapema, kisha wachanganye punje na dawa ya unga. Ilifanya kazi pale ilipofuatwa. Dumuzi bado yupo, na msimu baada ya msimu kuna familia inayofungua gunia mwezi Januari na kukuta vumbi.

Halafu kuna adui asiyeonekana kwa macho, ukungu unaotoa sumukuvu. Mwaka 2004, katika maeneo ya Makueni na Kitui nchini Kenya, watu 317 waliugua na 125 wakafa baada ya kula mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Miaka 12 baadaye ilikuwa zamu ya Dodoma na Manyara, na watu wapatao 20 walipoteza maisha. Hawa hawakukosa chakula, kwa maana walikuwa nacho ndani ya nyumba. Wengine wanaopata sumu hiyo kidogokidogo hawafi ghafla, lakini ini lao linaumia na hatari ya saratani inapanda.

Kinachokera ni kwamba kinga yake ya kwanza haihitaji maabara. Mabwana shamba wanafundisha hivi: chukua chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, tia punje za mahindi zifike robo, ongeza vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu, funga kizibo na utikise kwa dakika nzima. Iache itulie robo saa. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana maji, yarudishwe juani. Ikidondoka yote chini na chupa ikabaki safi, yamekauka vya kutosha kuwekwa. Na juani maana yake juu ya turubai au mkeka. Mahindi yanayomwagwa chini kwenye udongo mtupu yanaokota ukungu kwa mikono miwili.

Yakishakauka, kuna mifuko isiyopitisha hewa. Ule uitwao PICS ulianzia kwenye utafiti wa kuhifadhi kunde nchini Cameroon miaka ya 1980, ukiongozwa na Larry Murdock wa Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani. Ni gunia la kawaida lenye mifuko miwili ya plastiki nzito ndani. Unajaza nafaka, unakamua hewa, unasokota mdomo wa mfuko wa kwanza, unaukunja na kuufunga kwa kamba, kisha wa pili, kisha gunia lenyewe. Wadudu waliomo wanamaliza hewa ya oksijeni na kufa. Hakuna dawa, hivyo hakuna hofu ya mtoto kula sumu. Bei yake ni mara kadhaa ya gunia la kawaida, na hapo ndipo wengi wanaposita. Lakini utafiti uliofanyika Tanzania kwa kuwagawa wakulima zaidi ya elfu moja katika makundi, na kuchapishwa mwaka 2021, ulikuta kwamba miongoni mwa familia zilizopewa mifuko ya aina hiyo na mafunzo, idadi ya kaya zenye njaa kali ilipungua kwa asilimia 38 katika miezi ya kusubiri mavuno. Miradi mingapi yenye magari meupe na bendera inaweza kuonesha tarakimu kama hiyo?

Mfuko mzuri hata hivyo hauwezi kuhifadhi mahindi yaliyokwisha kuuzwa. Kila mkulima anaijua hadithi hii. Mwezi wa mavuno karo inadaiwa, deni la mbolea linadaiwa, kuna mgonjwa. Mnunuzi anaingia kijijini na fuso lake, anapanga bei, na gunia linajazwa lumbesa hadi linashonwa kwa kofia. Mwezi Februari mkulima yuleyule yuko sokoni ananunua kwa debe yale aliyouza kwa gunia, kwa bei ambayo imepanda vibaya. Wachumi waliifuatilia tabia hii Webuye, magharibi mwa Kenya, kwa kushirikiana na shirika la One Acre Fund. Wakulima wakapewa mkopo mdogo wakati wa mavuno, ili shida zao zipoe na mahindi yabaki ghalani. Waliokopa walipata faida kwa kuuza baadaye. Lakini matokeo ya kupendeza zaidi, yaliyochapishwa mwaka 2019, ni haya: pale walipokopa wengi, bei ya soko la kijiji haikuyumba sana, hivyo hata jirani ambaye hakukopa chochote alinunua kwa unafuu.

Hiyo ni kazi ambayo VICOBA na chama cha akina mama wanaiweza bila kumsubiri mfadhili. Kikundi kinachogawana akiba Desemba kwa ajili ya vitenge na nguo za sikukuu kinaweza kupanga mkopo wa mwezi wa Juni au Julai, dhamana ikiwa ni magunia yaliyofungwa. Vipo vikundi vinavyofanya hivyo. Ni vichache.

Tuseme sasa gunia limevuka salama, limefika jikoni. Iringa inafundisha kwamba safari bado. Mtoto wa miezi minane tumbo lake ni dogo kama ngumi yake, hawezi kula kingi kwa mpigo. Anayenyonya anahitaji kulishwa mara mbili au tatu kwa siku, na akifika miezi tisa mara tatu hadi nne. Msimu wa kulima mama anaondoka alfajiri, mtoto anaachiwa dada wa miaka saba na kikombe cha uji. Uji wenyewe ni wa sembe, mwepesi ili upite kirahisi, sukari kidogo. Mtoto anashiba maji ya moto yenye wanga. Sembe imekobolewa, kiini na pumba zenye virutubishi zimebaki mashineni, zimekwenda kwa kuku na ng'ombe.

Chakula kinachokosekana kwenye kikombe hicho mara nyingi kimo humohumo kijijini. Kuku anataga uani, lakini mayai yanapangwa kwenye trei kwenda sokoni, na mgeni akija ndiye anayechinjiwa. Maharage yapo, yamewekwa ya kuuza. Karanga zipo. Mboga za majani zinaonekana ni chakula cha wasio na nyama. Dagaa wa Ziwa Victoria, ambao kijiko chake kimoja kikisagwa kinaupa uji wa mtoto protini na madini ya chuma na kalsiamu, sehemu yao kubwa inaishia kwenye viwanda vya chakula cha mifugo. Unauzwa pia unga uitwao wa lishe, wenye mahindi, ngano, mchele, mtama, ulezi na uwele kwa pamoja. Mama ananunua kwa gharama akidhani amemaliza kila kitu, kumbe ni wanga wa aina sita kwenye mfuko mmoja. Uji mzito wa dona uliotiwa yai moja, au karanga zilizochambuliwa vizuri na kusagwa, unaushinda.

Na hapa inabidi lisemwe ambalo wanaume wengi hawapendi kulisikia. Semina za lishe zimejaa akina mama. Lakini anayeamua gunia lipi liuzwe na yai lipi liliwe, katika nyumba nyingi, ni baba. Mwanamke mwenye mimba ya miezi minane yuko shambani na jembe, akirudi ana mzigo wa kuni kichwani, na mtoto atakayezaliwa ameanza kudumaa kabla hajaitwa jina. Baba akibeba kuni hizo, akamwacha mkewe apumzike, akatenga matrei mawili ya mayai kwa mwezi yasiuzwe, amepambana na njaa kuliko kongamano zima. Hilo halihitaji sera.

Akifika umri wa shule, mtoto anaingia mikononi mwa jamii pana zaidi. Tanzania ina mwongozo wa kitaifa wa chakula shuleni, na shule nyingi zinategemea michango ya wazazi: debe la mahindi, kilo kadhaa za maharage, fedha ya mpishi. Kila mwaka kuna ugomvi. Wapo wanaosema elimu ni bure, kwa hiyo na uji uwe bure. Wapo wanaotoa, watoto wao wanakula, na watoto wa wasiotoa wanakaa chini ya mti wakitazama. Mwalimu analifundisha mchana mzima darasa ambalo nusu yake imesinzia.

Watanzania hawawezi kusema hawajui kuchangishana. Tazama kamati ya harusi: mwenyekiti, katibu, mweka hazina, kadi zilizochapishwa, kundi la WhatsApp linalokumbusha ahadi asubuhi na jioni hadi mtu anatamani kuhama mji. Milioni nyingi zinapatikana kwa miezi mitatu kwa ajili ya usiku mmoja. Mashine ya kuchangisha ipo, imepakwa mafuta, inafanya kazi. Kamati moja kati ya tano ikiamua kukata fungu dogo kwa ajili ya sufuria la uji la shule ya mtaa huo, mengi yangebadilika, na bwana harusi asingekosa keki.

Kenya kuna mfano unaostahili kutazamwa kwa makini. Wawira Njiru alikuwa mwanafunzi wa lishe Australia alipowapikia rafiki zake chakula cha Kikenya ili kuchangisha fedha. Mwaka 2012 akaanza kulisha watoto 25 kwenye jiko dogo Ruiru. Shirika alilolianzisha, Food4Education, sasa linapika kwa mamia ya maelfu ya watoto kila siku ya shule. Mwaka 2023 liliingia ubia na Kaunti ya Nairobi katika mpango wa Dishi na County: mzazi analipa shilingi tano za Kenya, mtoto anagusisha bangili yake kwenye kifaa, anapewa sahani, na gharama iliyobaki inabebwa na kaunti na shirika. Aliyelipiwa na mfadhili na aliyelipiwa na mama yake wote wana bangili moja. Hakuna anayejua mwenzake amelipiwa na nani. Mzazi anayelipa, hata shilingi tano, ana haki ya kulalamika wali ukiwa mbichi.

Wakenya haohao walionesha mwaka 2011, kwenye kampeni ya Kenyans for Kenya, kwamba wanaweza kuchanga kwa simu na kulipita lengo la shilingi milioni 500 walilojiwekea kwa ajili ya waliokumbwa na ukame wa kaskazini. Ilikuwa heshima kubwa. Ila ukame ukarudi, misimu mitano mfululizo ikakosa mvua kuanzia mwishoni mwa 2020, mifugo kama milioni 2.5 ikafa, na Turkana na Marsabit zikarudi kwenye taarifa ya habari. Mchango wa dharura unaokoa roho za mwaka ule. Sahani ya kila siku inataka utaratibu.

Ipo njaa ambayo hakuna chupa ya chumvi wala bangili itakayoiponya, ile inayotengenezwa kwa bunduki. Mwaka 2025 baa la njaa lilithibitishwa katika sehemu mbili za dunia kwa wakati mmoja, Gaza na Sudan, na kote kuwili chakula kilizuiwa na watu wenye silaha. El Fasher, huko Darfur, ilizingirwa kwa zaidi ya mwaka mzima hadi watu wakala ambaz, mashudu ya karanga wanayolishwa ng'ombe. Kongo, yenye ardhi ambayo ukitupa mbegu inaota, ilikuwa na watu milioni 28 wenye uhaba mkubwa wa chakula mwanzoni mwa mwaka huohuo. Wakulima wa Masisi na Rutshuru, mashariki mwa nchi hiyo, wana udongo wa volkano usio na mfano. Hawawezi kuulima wakiwa wanakimbia.

Hata huko raia hawakukaa. Vijana na akina mama wa Sudan waliunda kamati za mitaa zinazoitwa Vyumba vya Dharura na kufungua majiko ya umma, masufuria ya dengu na uji wa mtama juu ya kuni, foleni ya watoto wenye vikopo. Wasudani walioko Ghuba, Ulaya na Marekani waliyachangia kwa kutuma fedha kwenye simu kupitia programu ya Bankak, bila mtu wa kati. Serikali ya Marekani iliposimamisha misaada Januari 2025, zaidi ya majiko 1,000 yalifungwa ndani ya wiki chache. Mengi yaliyobaki yalibebwa na ndugu na jamaa. Mwaka huo kamati hizo zilipewa Tuzo ya Right Livelihood. Mswahili aliyeko Muscat, Toronto au Birmingham anayetaka kusaidia waathirika wa vita vya mbali ana funzo hapo: fedha ndogo inayotumwa kila mwezi kwa wanaopika tayari ina kazi kubwa kuliko kontena la nguo na biskuti linalokaa bandarini likisubiri kibali.

Kufungwa kwa majiko yale kumeonesha pia jambo ambalo nchi zetu zimelikwepa. Kakuma, mgao wa wakimbizi ulishushwa mwaka 2025 hadi chini ya theluthi ya kiwango kinachotakiwa kwa sababu fedha ya wafadhili ilikauka. Viongozi wa Afrika waliahidi Maputo mwaka 2003 kutenga asilimia 10 ya bajeti kwa kilimo, wakarudia ahadi Malabo mwaka 2014, na Januari 2025 wakakutana Kampala kuahidi tena. Nchi zilizowahi kuifikia zinahesabika kwa vidole. Kwenye jambo hili mchango wa hiari hautoshi. Inatakiwa sauti ya mpiga kura.

Sauti hiyo Tanzania ina mahali pa kusikika. Septemba 2022 wakuu wa mikoa walisaini mkataba wa lishe Dodoma mbele ya Rais Samia Suluhu Hassan. Chini ya utaratibu wa mikataba hii, halmashauri inatakiwa kutenga shilingi 1,000 kwa mwaka kwa kila mtoto mwenye umri chini ya miaka mitano. Ni fedha ndogo, haifiki bei ya soda mbili, na hata hiyo mara nyingine inatengwa kwenye makaratasi bila kutolewa. Kijiji nacho kinatakiwa kuwa na Siku ya Afya na Lishe kila robo mwaka, watoto wapimwe, wazazi waoneshwe namna ya kupika uji wenye virutubishi.

Sheria inataka mkutano mkuu wa kijiji ufanyike angalau mara moja kila miezi mitatu. Msomaji uliyeko Kilolo, Wanging'ombe au Sumbawanga, nenda kwenye mkutano ujao. Baada ya taarifa ya mapato na matumizi nyoosha mkono, umuulize mtendaji maswali matatu: shilingi 1,000 za kila mtoto wa kijiji hiki zimetolewa kiasi gani mwaka huu, zimenunua nini, na ni watoto wangapi wamepimwa urefu tangu mkutano uliopita? Akijibu, majibu yaandikwe kwenye muhtasari. Asipojibu, swali liandikwe, na aulizwe tena baada ya miezi mitatu.